Wimbo wa Kumi na Moja

Jalada la santuri lilitaja nyimbo kumi. Sindano ilipomaliza wa kumi haikunyanyuka. Iliendelea kutembea, na kwenye vipaza sauti vya duka ikaanza kunyesha mvua.

Sajenti Leonie Tsakiris wa upelelezi, Wollongong, kusini mwa Sydney, alisimama mbele ya meza mikono nyuma, akisikiliza. Saa moja kabla, vijana wapatao mia walijazana humu kuizindua albamu ya kwanza ya Majirani Wabaya, bendi ya panki iliyojilea yenyewe kwenye magereji na kumbi za klabu za pwani. Sasa duka lilikuwa tupu, chupa zimevunjika sakafuni, na mwimbaji wa bendi yuko chumba cha nyuma na pakiti ya barafu shavuni.

"Mwanzo walicheka," mwenye duka alisema. "Walidhani ni utundu wa bendi. Halafu mmoja akaitambua sauti ya yule msichana."

Mvua ilipiga bati la gari. Waipa zilikwenda na kurudi. Msichana alikuwa akivumisha tuni mdomo umefungwa, kisha akaacha.

"Corey, umeyumba tena. Simama kando, niendeshe mimi."

"Tulia, Teg. Naijua hii barabara."

"Umekunywa tangu saa tisa. Mwambie basi."

Kicheko cha mwanamume. Injini ikanguruma zaidi. Msichana akaita jina la Corey mara mbili, ya pili kwa kelele, kisha kishindo, kisha kimya. Sindano ikanyanyuka.

"Dakika nne," mwenye duka alisema. "Nakala mia tatu, na zote ziko hivyo. Nimefungua tano."

"Irudie," Leonie alisema.

Aliisikiliza mara tatu. Jina la Tegan Brophy hakuhitaji kukumbushwa. Miaka miwili nyuma gari la bendi liligonga mwamba kwenye mteremko wa Bulli, na Tegan, mpiga besi wao, umri miaka ishirini na miwili, akakutwa amekufa kwenye kiti cha dereva. Wenzake wawili walionusurika walisema yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Kesi ilifungwa kwa wiki tatu. Aliyeifunga ni Leonie, na ni Leonie huyohuyo aliyebisha mlangoni kwa mama yake na kumwambia kwamba binti yake alijiua kwa uzembe na nusura awaue wengine.

Aligeuza jalada. Nyuma, chini kabisa, waliandika: *Kwa Tegan. Tumekusamehe.*

"Nani aliandika hili?"

"Corey. Alikuwa na fahari nalo sana."

* * *

Corey Maddern alikuwa kijana mrefu, magoti yake yakigusa meza ya chumba cha nyuma. Aliongea kabla hajaulizwa.

"Ni feki, Sajenti. Siku hizi mashine inatengeneza sauti ya mtu yeyote. Nataka aliyefanya hivi ashtakiwe. Ameniharibia miaka miwili ya kazi."

"Nani unamshuku?"

"Nimshuku nani tena? Sefa Leota. Alikuwa mpiga ngoma wetu. Alituacha siku ya mazishi, mbele ya watu, akaniambia siku yangu inakuja. Uliza kanisa zima."

"Kwa nini akwambie hivyo?"

"Alimpenda Teg. Alitaka mtu wa kumlaumu."

Leonie aliandika, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Tuseme si feki. Tegan alifikaje kwenye kiti cha dereva?"

Corey alicheka kidogo, shavu likamuuma. Akanyoosha mkono wa kulia. Kovu la upasuaji lilitoka kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko.

"Na huu? Ulivunjika mara mbili. Sikuweza kujifungulia hata mkanda. Ulitaka nimbebe mtu kwa meno?"

"Mkanda ulifungukaje basi?"

"Ruben alinifungulia."

"Ruben Vella. Mpiga gitaa. Kwenye maelezo yake alisema alilala kiti cha nyuma, akaamka kwenye kishindo, na wewe ndiye uliyemwambia kwamba Tegan alikuwa akiendesha."

"Ndiyo hivyo."

"Leo mbona hayupo hapa?"

Corey alikunja midomo. "Tulikosana mwezi uliopita. Kuna watu Sydney wananitaka mimi peke yangu, bila bendi. Nikamwambia ukweli, kwamba tukimaliza albamu kila mtu ashike njia yake. Akanuna. Lakini Ruben ni mpole, hawezi kumdhuru nzi. Wewe mtafute Sefa."

* * *

Sefa Leota alikuwa chini ya gari kwenye duka la matairi la Warrawong. Alitoka taratibu, mtu mpana wa mabega, akajifuta mikono kwa kitambaa na kumtazama Leonie kama anavyotazamwa mtu aliyechelewa sana.

"Nimeshasikia, afande. Simu yangu haijanyamaza tangu saa saba. Kama umekuja kunikamata, ngoja nimalizie tairi la huyu mama, ana safari."

"Umeisikia yenyewe?"

"Vipande vipande. Watu wanarekodi juu ya kelele."

"Ulimwambia Corey siku yake inakuja?"

"Nilimwambia. Na nikimwona nitamwambia tena." Alirusha kitambaa kwenye ndoo. "Siku ile mimi nilitangulia na ngoma kwenye gari langu. Nilimwacha Corey baa, ameshika bia ya tano au ya sita. Tegan hakunywa, alikuwa na soda. Sasa nani anamwachia funguo mlevi kama yuko mzima? Nilikuja kituoni kwenu kusema hayo. Nilikaa kwenye benchi saa mbili. Kijana mmoja wa kaunta akaandika jina langu, akaniambia nitapigiwa simu. Nani alinipigia?"

Leonie aliandika hilo. Alitoa simu yake, ambamo aliirekodi santuri sawasawa, akaiweka juu ya rundo la matairi. "Isikilize yote. Uniambie kama ni Tegan kweli."

Sefa alisikiliza ameinamisha kichwa. Kwenye tuni ya mwanzo alifumba macho. "Ni yeye. Alikuwa akipata tuni anairekodi palepale, simu anaitia mfukoni anaisahau." Vidole vyake viliendelea kugonga mpira wa tairi, vikifuata waipa. Ghafla vikasita.

"Rudisha nyuma."

Leonie alirudisha.

"Hapo. Pale anaposema 'mwambie basi'. Rudisha tena."

"Unasikia nini?"

"Waipa. Gari lile lilikuwa bovu, afande. Waipa ya kushoto ilichelewa, ikawa kama mtu anachechemea. Tuliizoea hata tukaitungia wimbo. Sasa sikiliza." Alipiga tairi: pigo zito, pigo jepesi, zito, jepesi. "Akishasema 'mwambie basi', linakuja zito, halafu zito tena. Jepesi limekwenda wapi? Limekatwa. Kuna maneno yalikuwa hapo, mtu kayatoa, kaunganisha kingo. Kafanya vizuri, lakini hakuwa mpiga ngoma."

"Na alimwambia nani, 'mwambie basi'?"

Sefa alimtazama. "Mlikuwa mnasema watu watatu garini. Toa Teg, toa Corey."

"Nani angeweza kukata hivyo na kuipachika kwenye albamu?"

"Albamu yote ameipika Ruben, gerejini kwa wazazi wake. Kurekodi yeye, kuchanganya sauti yeye, kuituma kiwandani yeye. Hata Corey hajui kubonyeza kitu kule." Alichukua spana, akaitazama, akairudisha. "Lakini simu ya Teg Ruben angeipata wapi?"

* * *

Konstebo Huynh aliteremsha faili la ajali kutoka ghala la kumbukumbu. Lilikuwa jembamba. Leonie alipanga picha mezani kwa safu, akamwambia Huynh azitazame kama hajui lolote.

"Niambie unachokiona."

"Kiti cha dereva kimesogezwa nyuma mpaka mwisho," Huynh alisema. "Marehemu alikuwa na urefu gani?"

"Mita moja na nusu na vidole viwili."

"Basi miguu yake isingefika kwenye breki."

Leonie aliweka kidole kwenye tarehe ya picha na sahihi iliyokuwa chini yake. Sahihi ilikuwa yake. Akaendelea na karatasi nyingine. Ripoti ya zimamoto: mlango wa dereva ulibanwa na mwamba, ulikatwa kwa mashine. Ripoti ya hospitali: Corey, mkono wa kulia umevunjika mara mbili, Ruben, michubuko na jino moja.

"Mlango haukufunguka," alisema. "Kwa hiyo kama aliwekwa pale, alipitishwa kwa ndani, juu ya gia. Corey ana mkono mmoja. Hawezi kumnyanyua peke yake."

"Na aliyelala kiti cha nyuma ana mikono miwili," Huynh alisema.

"Kama alilala. Ndiyo maana maneno yake yamekatwa. Anataka Corey azame, na yeye abaki usingizini." Leonie alifika kwenye karatasi ya mwisho, orodha ya vitu vya marehemu. Koti. Funguo za nyumba. Simu moja, imefungwa kwa namba ya siri, haikuchunguzwa. Imekabidhiwa kwa mama mzazi.

Inspekta alitia kichwa mlangoni, akauliza kesi ya santuri zilizoharibiwa imefika wapi.

"Si kesi ya santuri tena," Leonie alisema. "Nahitaji hati ya kupekua gereji ya Vella, kesho asubuhi. Na baada ya hapo unitoe kwenye kesi hii, umpe mwingine faili, mwanzo na mwisho. Nilikosea mimi."

Inspekta alizitazama picha. "Hati utapata," alisema. "Hilo jingine tutazungumza Jumatatu."

* * *

Jumapili saa sita mchana Huynh alikwenda na wenzake wawili kwa kina Vella. Leonie alikwenda kwa Maureen Brophy, mama yake Tegan, huko Corrimal, kuuliza habari za simu.

Maureen alifungua akiwa amevaa aproni, mwanamke mwembamba aliyefanya kazi kantini ya shule. Safari hii hakusubiri kuambiwa.

"Najua ulichokuja kusema. Nimeshakisikia kwenye santuri. Ingia, chakula kiko mezani, na utamkuta mtu uliyepaswa kumsikiliza tangu zamani."

Mezani, mbele ya sahani ya nyama ya mwanakondoo na viazi vya kuoka, aliketi Ruben Vella. Alikuwa kijana mdogo wa umbo, shati limepigwa pasi. Alipomwona Leonie aliweka uma chini.

"Huyu ndiye kanirudishia mwanangu," Maureen alisema. Akampapasa bega. "Miaka miwili nimekuwa nikiona haya. Nilikwenda mpaka kwa mama yake Corey, nikasimama ukumbini pake, nikamwomba radhi kwa niaba ya Teg. Corey alikuwa pale. Akanishika mkono, akasema yameisha. Umesikia? Mtoto yule akanishika mkono. Na huyu Ruben nimempikia kila Jumapili, nikijua Teg nusura amuue. Leo asubuhi kaniambia ni yeye aliyeiweka ile sauti. Kajitosa."

"Hongera kwa ujasiri, Ruben," Leonie alisema, akavuta kiti. "Kabla hatujaendelea: si lazima useme neno. Ukisema, litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Kwa nini umsomee hayo?" Maureen aliuliza.

"Nimeelewa," Ruben alisema.

"Maureen, simu ya Tegan iko wapi?"

"Kwenye droo. Ilikuwa imefungwa. Nilikaa nayo zaidi ya mwaka, nikijaribu namba za siku za kuzaliwa. Nikampa Ruben anifungulie, yeye anayajua haya mambo. Akanitolea picha zote, akazichapisha. Nimezibandika pale."

"Alikwambia kuna kitu kingine?"

"Alisema hakuna, picha tu na..." Mkono wa Maureen ukatoka begani kwa Ruben. "Ilikuwa lini ile? Mwezi wa tano, baridi bado haijaanza."

"Miezi minane sasa," Leonie alisema. "Kwa hiyo, Ruben, miezi minane umekuwa nayo. Jumapili zaidi ya thelathini kwenye kiti hicho."

"Nilikuwa natafuta njia ya kumwambia," Ruben alisema. "Si jambo la kusema mtu anakata nyama."

"Njia uliipata mwezi uliopita, Corey alipokwambia anakwenda Sydney bila wewe."

"Alimwandikia Teg 'tumekusamehe'. Ulitaka ninyamaze? Nilitaka aaibike mbele ya watu wote, siku aliyoingojea maisha yake yote. Nilitaka asimame pale jukwaani aisikie sauti yake. Na kaisikia. Siombi msamaha kwa hilo."

"Sijakuomba. Nauliza wewe ulikuwa wapi kwenye gari."

"Nyuma. Nimelala. Nilishasema."

"Baada ya 'mwambie basi' waipa zimeruka pigo. Ulikata nini?"

Ruben alimtazama. Kisha akaitazama sahani.

Simu ya Leonie iliita. Alisikiliza, akauliza jambo moja, akakata.

"Konstebo Huynh yuko gerejini kwenu. Amekuta faili ya sauti kwenye kompyuta yako. Ya kwenye santuri ni dakika nne. Hii ni ishirini na sita. Anaisikiliza sasa."

Mtungi wa mchuzi ulikuwa mkononi mwa Maureen. Aliuweka mezani kwa uangalifu.

"Gari liligonga dakika ya nne," alisema. "Hizo nyingine ni za nini?"

Alimgeukia Ruben.

"Ruben. Mwanangu alikufa papo hapo. Huyu Sajenti aliniambia hivyo. Hizo nyingine ni za nini?"

"Unaweza kungoja wakili," Leonie alimwambia Ruben.

"Asingoje wakili," Maureen alisema. "Amekula kwangu. Aseme hapa."

Ruben alifuta midomo kwa kitambaa, mara mbili. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya chini, bila kupanda wala kushuka.

"Pale nilipokata, aliniambia nimwambie Corey asimame. Nikamwambia, 'Acha kuharibu raha, Teg, tutafika.' Ni hayo tu niliyosema."

"Halafu?"

"Halafu tukagonga. Alikuwa mbele, kiti cha abiria. Corey akaanza kulia kwamba atafungwa, kwamba bendi imekwisha. Akasema Teg amekwisha kufa na haitamdhuru kitu. Akasema tumhamishe. Yeye hakuweza, mkono."

"Lakini hakuwa amekufa," Leonie alisema.

"Sikujua. Mpaka nilipomshika."

"Alisema nini?" Maureen aliuliza.

"Mama Teg..."

"Usiniite hivyo. Alisema nini?"

"Alisema, 'Ruben, usinisogeze. Mgongo unauma.' Alisema mara mbili. Corey akasema vuta. Nikavuta. Baadaye hakusema tena. Tukakaa. Tulikuwa tunapanga maneno ya kuwaambia. Ndipo tukapiga simu."

Leonie aliandika saa. Aliandika na maneno yenyewe, kwa mwandiko wa taratibu, akampa Ruben ayasome na kutia sahihi chini. Ruben alitia sahihi.

"Nilitaka watu wajue," alisema, akimgeukia Maureen. "Ningeweza kuifuta yote. Kama si mimi, usingejua lolote hadi leo."

"Ulitaka wajue ya Corey." Maureen aliichukua sahani ya Ruben, nyama imeliwa nusu, akaitupa yote kwenye pipa la taka, sahani na uma pamoja. Kisha akamgeukia Leonie. "Huyu akisimama kutoa ushahidi dhidi ya Corey, atapunguziwa kifungo?"

"Huenda. Hakimu ataangalia."

"Na familia inaruhusiwa kusema kitu kabla ya hukumu?"

"Inaruhusiwa. Unaandika, unasoma mwenyewe mahakamani."

"Mbele yao wote wawili?"

"Mbele yao wote wawili."

Gari la doria lilikuwa limeshafika. Askari wawili walimtoa Ruben, mmoja akimwinamisha kichwa asijigonge mlangoni. Leonie alibaki ukumbini. Alikuwa ameandaa maneno tangu jana, akayasema: kwamba aliziona picha na hakuzitazama, kwamba shahidi alikuja na hakusikilizwa, kwamba ataandika hayo kwenye taarifa kwa jina lake.

"Andika," Maureen alisema. "Na wewe nitakutaja. Usidhani nimekusahau."

"Ni haki yako."

Maureen alizima oveni. Akavua aproni, akachukua mkoba, akatoka na kupita mbele ya Leonie hadi kwenye gari la kazi la Sajenti, akafungua mlango wa mbele na kuketi.

"Maelezo yako tunaweza kuyachukua kesho," Leonie alimwambia dirishani. "Au keshokutwa. Ukishatulia."

Maureen alikuwa akijifunga mkanda.

"Sitaki kutulia," alisema. "Endesha."